Uzi: Hiroshima si mji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni (vya kuona, vya kula, na saa za maji)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila baada ya wiki chache mtu anauliza humu ratiba ya Japani, na majibu hayabadiliki: Tokyo, Kyoto, Osaka, halafu kwa chini kabisa, "ukipata nafasi chomoka Hiroshima asubuhi, jioni umesharudi." Hilo la mwisho linaniuma. Nimeishi mkoa ule miezi kumi kwa mafunzo, makazi yangu yakiwa Higashihiroshima, na Jumamosi karibu zote nilizimalizia mjini. Nimewaona hao wa kuchomoka. Wanashuka kwenye treni ya kasi saa nne asubuhi, wanapiga picha lile jengo lililobaki mifupa, wanapita makumbusho mbiombio, wanakimbilia kisiwani Miyajima kwenye lile lango la baharini na kukuta maji hayapo au hayajafika, wanakula chochote kilicho karibu na stesheni, wanaondoka. Ombi langu kwa anayepanga safari: lala Hiroshima usiku mbili.

Kufika ni rahisi. Kutoka Shin-Osaka kwa treni ya Nozomi ni kama saa moja na nusu, kutoka Tokyo ni karibu saa nne. Ile pasi ya treni ya nchi nzima ilipandishwa bei Oktoba 2023, ya siku saba ikaruka kutoka yen 29,650 hadi 50,000, kwa hiyo kwa safari ya upande huu tu usiinunue. Iko pasi ya eneo, Kansai-Hiroshima Area Pass, ya siku tano, yen 17,000 nilipoiangalia mara ya mwisho. Inakupa treni ya kasi kati ya Shin-Osaka na Hiroshima na hata kivuko cha JR, kampuni ya reli, cha kwenda Miyajima. Wenye pasipoti za kwetu kumbukeni viza inaombwa ubalozini kabla ya kuondoka.

Ukishafika, panda tramu. Hiroshima umekaa kwenye delta ya mto Ota, ardhi tambarare iliyokatwakatwa na mito, na tramu zinapita mjini tangu 1912. Tangu Agosti 2025 zinapanda hadi ghorofa ya pili ya stesheni kuu, unatoka kwenye treni na kuingia humo. Unalipa unaposhuka. Sasa sikilizeni hili: bomu lilianguka tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi, na tarehe 9 Agosti kipande cha njia ya tramu kilikuwa kimeshaanza kazi tena. Siku tatu. Mabehewa mawili yaliyonusurika, namba 651 na 652, bado yanabeba abiria, hasa asubuhi za siku za kazi. Mara ya kwanza nilipoliona 651 likija kituoni, kijani na rangi ya maziwa, limejaa wanafunzi na wafanyakazi wanaosinzia, nililiacha lipite kwa sababu miguu ilikataa kutembea. La pili nikapanda.

#2 – Mwanzisha uzi (naendelea)

Hifadhi ya Amani. Shukia kituo cha Genbaku Dome-mae. Jengo lile la kuba lilibuniwa na msanifu wa Kicheki, Jan Letzel, likakamilika 1915 kama ukumbi wa maonyesho ya bidhaa za mkoa. Bomu lililipuka angani, kama mita 600 juu, karibu wima juu yake, ndiyo maana kuta zilibaki zimesimama. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 1996. Watu wengi wanaishia kulipiga picha. Wewe zunguka nyuma, ingia kichochoro kama mita mia na sitini, utakuta kibao kidogo kando ya hospitali kinachoonyesha mahali hasa lilipolipukia juu yake. Hakuna umati pale. Watu wanapita na mifuko ya sokoni.

Makumbusho kiingilio ni yen 200. Nenda asubuhi mapema, maana ikifika saa nne foleni inazunguka, na ndani mnasogea bega kwa bega. Sitawaelezea yote. Nitasema kimoja: kisanduku cha chakula cha mwanafunzi Shigeru Orimen. Alitoka nyumbani asubuhi ile na chakula alichofungiwa na mama yake, wali uliochanganywa na shayiri na soya. Mama ndiye aliyemkuta, na kisanduku kilikuwa chini ya mwili wake. Chakula bado kimo ndani, kimegeuka makaa. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akinifungia viazi na chapati kwenye kibakuli cha bati kila asubuhi ya shule, na mbele ya kile kisanduku nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kwenye mnara wa kumbukumbu kuna maandishi ambayo Wajapani wenyewe walibishana juu yake, kwa sababu sentensi haina mtenda. Kiingereza kinahangaika kumtafuta, "sisi" au "wao". Kiswahili kinaibeba bila shida: pumzikeni kwa amani, kosa halitarudiwa.

Na usiondoke bila kuitafuta miti. Karibu na jengo la mashariki la makumbusho kuna miti ya aogiri iliyokuwa kilomita 1.3 kutoka mlipuko, ikaungua upande mmoja, ikachipua mwaka uliofuata. Ilihamishiwa hapo 1973. Kovu la shina linaonekana wazi. Kwenye viwanja vya ngome yupo mkaratusi mmoja naye alinusurika. Miti ya namna hii mji mzima ni zaidi ya mia moja na hamsini, kila mmoja una kibao chake.

Ukitoka makumbusho usikimbilie kula. Tembea dakika kumi hadi shule ya msingi Fukuromachi, sehemu ya jengo la zamani imeachwa kama makumbusho madogo, bure. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, na watu waliandika kwa chaki: fulani yuko hai, fulani tumemhamishia mahali fulani. Wakati wa ukarabati maandishi yale yakaonekana tena chini ya lipu.

#3 – Mdau, Arusha

Mkuu umetupeleka pazito. Chakula je? Nimesikia okonomiyaki ya Osaka na ya Hiroshima ni vitu viwili tofauti.

#4 – Mwanzisha uzi

Ni tofauti kabisa, na nitakaa hapa kidogo.

Osaka wanachanganya kila kitu kwenye bakuli na kumwaga chumani. Hiroshima wanapanga kwa tabaka. Mpishi anaanza na uji mwepesi wa unga wa ngano, anaupaka mduara mwembamba juu ya chuma cha moto. Hapo fikiria chapati za maji, ni mkono uleule wa mviringo. Ananyunyiza unga wa samaki mkavu. Halafu kabichi, lakini kabichi ya kutisha, mlima mzima, na chipukizi za maharage juu yake. Halafu vipande vyembamba vya nyama ya tumbo ya nguruwe. Anamwagia uji kidogo wa kushikilia, kisha anapindua mzigo wote kwa miiko miwili ya chuma. Sasa kabichi iko chini ya nyama, inaiva kwa mvuke wake, inashuka polepole. Pembeni anakaanga tambi, anazipa umbo la duara, anaweka mlima ule juu yake. Anapasua yai, analitandaza, anapandisha vyote juu ya yai, anapindua tena. Sosi, majani makavu ya baharini, basi. Ni dakika kumi na tano na zaidi, kwa hiyo usiende ukiwa na haraka.

Kaa kaunta, mbele ya chuma. Hutapewa sahani kama hukuomba. Unapewa mwiko mdogo bapa, unakata kipande mraba, unakila kikiwa bado kinachemka juu ya chuma.

Sosi ile ina utamu mzito ambao mimi nilihisi naujua na sikujua naujulia wapi. Wiki ya tatu nikasoma lebo ya Otafuku, ndiyo kampuni kubwa ya sosi hiyo, ya palepale Hiroshima, ya tangu 1922: ndani mna tende.

Historia yake ni ya njaa. Kabla ya vita kulikuwa na kitafunwa cha watoto cha senti moja, unga na vitunguu majani kidogo. Baada ya bomu mchele haukuwepo, unga wa msaada wa Marekani ulikuwepo, vyuma vilipatikana kwenye vifusi. Wanawake wengi walikuwa wamefiwa na waume, wakafungua vibanda vyumba vya mbele vya nyumba zao. Ndiyo maana hadi leo maduka mengi yana majina ya kike yenye "-chan" mwishoni. Biashara ya mama lishe ndiyo iliyoulisha mji uliokuwa umeteketea. Nilipoambiwa hivyo na mama mmoja mwenye duka niliagiza nyingine, shibe au si shibe.

Kwa mara ya kwanza nenda Okonomimura, jengo moja katikati ya mji lenye vibanda zaidi ya ishirini kwenye ghorofa kadhaa. Kelele, moshi, viti kumi kumi. Mara ya pili nenda duka la mtaani lisilo na picha mlangoni. Bei ni kama yen elfu moja hadi elfu moja mia tano.

#5 – Mdau, Unguja

Assalaam alaykum. Maelezo yamenikumbusha pizza ya Forodhani, naye yule anafunga mzigo mzima ndani ya yai. Lakini shekhe, hiyo nguruwe imenifungia mlango. Sisi tule nini?

#6 – Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam. Swali la haki, na sitakupa jibu la kukufurahisha tu.

Unaweza kusema "butaniku nashi", yaani bila nguruwe, ukaomba ngisi au kamba badala yake, na watakuelewa. Tatizo ni chuma. Ni kilekile kilichokaanga nyama ya mteja aliyetangulia, na miiko ni ileile. Kama hilo hulikubali, usikae kaunta hizo, tafuta maduka yaliyojitangaza kuwa halali, yapo machache mjini. Sosi nyingi za Kijapani pia zina mirin au sake ya kupikia, yaani pombe za mchele, kwa hiyo uliza au soma lebo. Msikiti upo Higashihiroshima, upande wa chuo kikuu, na wanafunzi wa pale wanajua kila duka jipya linalofunguliwa. Waulize wao kabla ya mtandao.

Lakini Hiroshima ina kitu ambacho mtu wa pwani hahitaji kuulizia mara mbili: chaza. Zaidi ya nusu ya chaza wote wanaofugwa Japani wanatoka mkoa wa Hiroshima. Ukiwa kwenye kivuko unaona machelezo ya mianzi yamepangwa majini safu kwa safu. Chini yake zinaning'inia nyaya zenye magamba, na chaza wameng'ang'ania humo wakinona kwa maji ya mito inayoshuka mjini. Msimu mzuri ni kipindi cha baridi, mwisho wa vuli hadi mwanzo wa machipuo. Barabara ya maduka Miyajima wanachomwa na gamba lake juu ya makaa, ndimu juu, basi. Chaza, moto, ndimu. Mwambie "sosi hapana". Sisi Shafii chaza hatuna neno nao.

Mkunga pia, yule samaki. Pale Miyajimaguchi, mkabala na gati, kuna duka la anago-meshi la tangu 1901: mkunga wa kuchomwa, umekatwa vipande, umetandazwa juu ya wali uliopikwa kwa supu ya mifupa yake. Mchuzi wake ndio wa kuulizia, mara nyingi una mirin. Kwa wasio na kizuizi hicho, nunueni kile cha kufungiwa kwenye kisanduku cha mbao mkale kivukoni.

#7 – Mdau, Nairobi

Mimi nataka kujua kuhusu lile lango jekundu ndani ya bahari. Nilienda mwaka juzi kwa haraka nikakuta limesimama kwenye matope, nikaona nimedanganywa na picha.

#8 – Mwanzisha uzi

Pole ndugu, hukudanganywa. Ulienda kwa saa ya treni badala ya saa ya maji. Nami mara ya kwanza ilinipata hivyohivyo, na mimi ni mtoto wa Pangani, sikuwa na udhuru.

Lango la hekalu la Itsukushima lililopo sasa lilijengwa 1875, urefu karibu mita 16.6, nguzo zake kuu ni mashina ya mkafuri. Halikuchimbiwa. Limekaa kwa uzito wake tu, tani zipatazo 60, na juu kuna sanduku lililojazwa mawe ya kulikandamiza. Hekalu lenyewe limejengwa juu ya nguzo baharini, kwa umbo alilolipa kiongozi wa kijeshi Taira no Kiyomori mwaka 1168, na maji yakijaa yanapita chini ya sakafu unapotembea. Sakafu zina nafasi kati ya ubao na ubao ili mawimbi yakipanda yapumue badala ya kung'oa.

Maji ya ghuba ile hupanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, karibu kama kwetu. Yakiwa chini ya sentimeta 100 kwenye jedwali lao, unatembea kwa miguu hadi langoni. Yakizidi 250, lango linaelea. Jedwali la kila siku linapatikana mtandaoni. Chagua siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, uepuke maji mafu, na ukae saa sita au saba ili uone yote mawili. Yakijaa, simama kwenye baraza la hekalu. Yakipwa, vua viatu ushuke. Nilipokuwa pale bamvua, wanawake wazee wa kisiwani walikuwa wameinama mchangani na vijikapu wakichokoa kombe, mgongo ukiwa umepinda vilevile ninavyoujua mimi. Nikasimama nikawatazama hadi kiza.

Kufika: treni ya JR hadi Miyajimaguchi kama nusu saa, au tramu zaidi ya saa moja kama unapenda kuona mitaa, halafu kivuko dakika kumi. Tangu Oktoba 2023 kuna ushuru wa mgeni wa yen 100. Kiingilio cha hekalu yen 300. Kulungu wanazurura kila mahali, wamekatazwa kulishwa, na watakula hata tiketi yako, kwa hiyo funga mkoba.

Kaa hadi jioni. Baada ya saa kumi na moja wageni wa siku moja wanaondoka, maduka yanafungwa, taa za lango zinawashwa. Kama mfuko unaruhusu, lala kisiwani usiku mmoja kati ya ile miwili.

Zawadi: momiji manju, keki ndogo za umbo la jani, ndani maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Ziko pia za kukaangwa zikiwa kwenye kijiti, ukipewa ya moto subiri, itakuunguza. Na nunua mwiko wa wali. Kisiwa kile ndicho kinachosifika Japani nzima kwa miiko, na njiani kuna mmoja wa maonyesho wenye urefu wa mita 7.7. Mama yangu nilimpelekea mwiko mdogo wa kawaida. Ndio anaopakulia hadi leo.

#9 – Mdau, Lubumbashi

Bandugu, jambo. Miye ninasoma huu uzi na kuna kitu ninataka kuongeza. Sehemu kubwa ya madini ya uranium yaliyotumiwa kutengeneza lile bomu la Hiroshima yalitoka huku kwetu Katanga, mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wakati ule ulikuwa wa Union Minière ya Wabelgiji. Babu zetu waliyachimba kwa mikono, hakuna aliyewaambia yanaenda wapi. Wenye kufika pale Hiroshima, mukisimama kwenye lile jiwe, mutukumbuke na siye.

#10 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Lubumbashi, asante. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilienda kwenye mnara ule zaidi ya mara ishirini na sikuwahi kuwaza kwamba kuna watu wanaozungumza Kiswahili waliobeba lile jiwe kutoka ardhini kabla halijawa bomu. Nikirudi nitasimama pale kwa ajili yao pia. Na wengine mnaokwenda, mlisome hili kabla ya kuingia makumbusho.

#11 – Mdau, Dar

Mkuu, kwa sisi wa magari: ni kweli Mazda ni wa huko?

#12 – Mwanzisha uzi

Ni kweli. Makao makuu yako Fuchu, mji mdogo uliozungukwa na Hiroshima pande zote. Zile Demio zinazojaa Kariakoo na Kinondoni wengi wenu mmezinunua zikiwa zimetoka viwanda vya huko. Makumbusho yao ni bure lakini lazima uweke nafasi mapema mtandaoni, na wanakupitisha hadi sehemu ya kuunganisha magari. Kwa mpenda magari ni nusu siku nzuri.

Kama kuna mechi ya besiboli, nenda uwanja wa Carp, dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Hata kama hujui sheria zake. Mwaka 1951 timu ilikaribia kufa kwa kukosa fedha, wananchi ambao wenyewe walikuwa wanajenga upya nyumba zao wakawa wanatumbukiza sarafu kwenye mapipa ya sake yaliyowekwa nje ya uwanja. Ubingwa wa kwanza wa ligi yao ulikuja 1975. Ukiona mji mzima umevaa nyekundu, hao ni wajukuu wa waliochanga.

Bustani ya Shukkeien, ya mwaka 1620, ni ya saa moja, tulivu, karibu na stesheni. Ngome ni jengo la zege la 1958, itazame kwa nje na umtafute yule mkaratusi.

#13 – Mdau, Mombasa

Dada au kaka, nampeleka mama Novemba, ana miaka sitini na nane, magoti yanamsumbua. Mlima wa Misen ataweza?

#14 – Mwanzisha uzi

Kaka, shikamoo ifikishe kwa mama. Misen, ule mlima wa kisiwani Miyajima, una mita 535 na gari la waya linapanda, lakini halifiki kileleni. Kutoka kituo cha juu hadi kilele ni kama nusu saa ya ngazi za mawe, kupanda na kushuka, na magoti hayatafurahi. Mpandishe hadi kituo cha juu tu. Visiwa vya bahari ya ndani vinaonekana vyote kutoka pale, aketi anywe chai. Wewe ukiwa na nguvu kimbia mwenyewe hadi Reikado, kibanda chenye moto unaosemekana haujazimika tangu mwaka 806, na inasemekana ule wa Hifadhi ya Amani uliwashwa kwa huo.

Novemba umechagua vizuri, katikati hadi mwisho wake majani ya bustani ya Momijidani kule kisiwani yanakuwa mekundu, na chaza wameanza kunona. Ila watu watakuwa wengi, hoteli ya kisiwani ikamate sasa hivi. Niandikie tarehe zenu hapa, nikuangalizie jedwali la maji nikwambie mvuke saa ngapi.